5 + 27 = 32, na zile kurasa 500 za Kyoto

Chukua karatasi kwanza. Makala hii usiisome kama unavosoma habari za usajili wa wachezaji, chukua karatasi na kalamu, afu andika 5 + 27 = 32. Sasa kila namba hapo ivunje kwenye vigawo vyake tasa, ile kazi tuliyoifanya shule ya msingi mpaka vidole vikachoka. 5 ni 5 yenyewe. 27 ni 3 × 3 × 3. 32 ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2. Kusanya namba tasa zilizojitokeza, ila kila moja ihesabu mara moja tu hata kama imejirudia mara tano, utapata 2, 3 na 5. Zidisha zote, unapata 30. Wataalamu wanaiita radikali, na mi nitaiita hivohivo. Sasa iweke 30 pembeni ya jibu lako la kwanza, 32, utaona jibu limeizidi radikali.

Kama hujashangaa bado basi jaribu nyingine yoyote ya kichwani kwako. Mfano 7 + 15 = 22, namba tasa zake ni 2, 3, 5, 7 na 11, ukizizidisha unapata 2,310, yaani jibu 22 limeachwa mbali kabisa. 10 + 13 = 23 inakupa 2,990. Endelea hivo hata saa nzima (sharti moja tu, namba mbili unazojumlisha zisiwe na kigawo cha shirika zaidi ya 1) na karibu kila mara radikali itakuwa kubwa kuliko jibu. Ukizichukua jozi zote ambazo jumla yake haifiki 100, ziko kama 1,500 hivi, zinazofanya kinyume ni 6 tu: 1 + 8 = 9, hiyo yetu ya 5 + 27, 1 + 48 = 49, 1 + 63 = 64, 1 + 80 = 81 na 32 + 49 = 81. Sita kati ya 1,500.

Kwa nini ziwe chache hivo? Hilo ndo swali lenyewe, na likiwekwa vizuri linaitwa kisio la abc (kisio ni dai ambalo halijathibitishwa, na abc ni zile namba tatu za a + b = c), lilitolewa mwaka 1985 na Joseph Oesterlé wa Ufaransa na David Masser wa Uingereza. Nimelianzia kwenye karatasi makusudi, kwa sababu ukishafika hapa umeshaelewa kitu ambacho vyombo vya habari vya dunia nzima vimekizungumzia tangu 2012 bila kumpa msomaji wao nafasi ya kukigusa kwa mkono wake.

Tumalizie swali. Hizo namba korofi, zile ambazo jibu linaizidi radikali, haziishi, ziko nyingi bila mwisho. Lakini kisio linasema ukiiongezea radikali nguvu kidogo tu, hata iwe kidogo namna gani, zinazobaki korofi zinakuwa chache za kuhesabika. Nguvu maana yake nini? Ukiizidisha 30 kwa 30 unapata 900, hapo umeipa nguvu ya 2, na 32 haifui dafu tena. Ukiipa nguvu ya 1.1 inapanda mpaka 42 na kitu, bado inatosha. Namba korofi kuliko zote zinazojulikana mpaka leo aliigundua Eric Reyssat, nayo ni 2 + 6,436,341 = 6,436,343. Ukiiona hivo haina sura yoyote, ila ivunje: 6,436,341 ni 3 iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 10 afu mara 109, na 6,436,343 ni 23 tano zimezidishana. Radikali yake ni 15,042 tu! Kuifikisha 15,042 mpaka kwenye milioni sita na ushee unatakiwa uipe nguvu ya 1.63 hivi. Hakuna aliyewahi kupata korofi inayohitaji zaidi ya hapo, sembuse 2.

Sasa nataka ukione kitu kimoja ambacho mi kiliponifikia kwa mara ya kwanza nilisimama nikazunguka chumbani. Tuseme, tuseme tu maana hakijathibitishwa, kwamba nguvu ya 2 inatosha daima, yaani jibu halifikii kamwe radikali ikizidishwa na yenyewe. Chukua lile tatizo la Fermat la karne ya 17, kwamba aⁿ + bⁿ = cⁿ haiwezekani kwa namba nzima zinazozidi sifuri kama n ni 3 au zaidi. Radikali ya hizo tatu haijali n, si tulisema kila namba tasa inahesabiwa mara moja tu, kwa hiyo radikali haiwezi kuzidi a × b × c, na kwa vile a na b ni ndogo kuliko c basi haifiki c × c × c. Izidishe na yenyewe, haifiki c mara sita. Lakini jibu letu ni cⁿ. Basi n lazima iwe chini ya 6. Imeisha! Zinabaki n ya 3, 4 na 5 ambazo zilishathibitishwa siku nyingi na wakubwa wa karne ya 17 mpaka ya 19. Tatizo lililokaa miaka zaidi ya 350 mpaka Andrew Wiles akalimaliza kwa kazi ndefu mno, na hata hiyo ya kwanza ya 1993 ikakutwa na tundu, akaliziba 1994 akisaidiwa na Richard Taylor, hapa tumelipitia kwa mistari mitano ya Kiswahili. Ndo maana watu wanalililia kisio la abc. Linagusa uhusiano wa kujumlisha na kuzidisha, vitu viwili tunavyovijua tangu utotoni na ambavyo hakuna anayejua vizuri vinavyofungamana.

Haya. Tarehe 30 Agosti 2012 Shinichi Mochizuki, profesa wa taasisi ya utafiti wa hisabati ya chuo kikuu cha Kyoto, aliweka kwenye tovuti yake makala nne zenye jumla ya kurasa 500 hivi, na mwisho wake anasema kisio la abc limethibitishwa. Huyu sio mtu wa kubeza hata kidogo, aliingia Princeton akiwa na miaka 16, akapata udaktari 1992 akiwa na 23 chini ya Gerd Faltings, na miaka ya 90 alithibitisha kisio kubwa la mwanahisabati Grothendieck, na uthibitisho huo kila mtu analikubali mpaka leo. Nadharia yake mpya aliiita ya Teichmüller baina ya malimwengu. Na hilo neno malimwengu nahisi ndo lilioharibu mambo kwa sisi wasomaji wa kawaida, maana kuanzia hapo habari zote zikawa za malimwengu, fikra za kutoka sayari nyingine, mtu mpweke wa Kyoto, hisabati ambayo hakuna binadamu anayeielewa. Nimesoma nyingi sana za namna hiyo kwa miaka kadhaa, na karibu zote nilitoka sijaongeza hata hesabu moja kwenye karatasi yangu. Mtu akikupa maajabu tu bila kukupa kazi ya kufanya kwa mkono hajakueleza, amekutisha, na mtu aliyetishwa anabaki kushangilia au kuzomea bila kujua anashangilia nini.

Ngoja nijaribu mwenyewe, na kila mfano nitakaoutoa nitasema unakatikia wapi.

Anza na kitu kidogo. Tuseme una daftari mbili za namba, na umeamua kila namba ya daftari la kwanza ikiingia la pili inazidishwa na yenyewe. 2 inakuwa 4, 3 inakuwa 9, 6 inakuwa 36. Angalia kuzidisha: 2 × 3 = 6 kule kwa kwanza, kwa pili 4 × 9 = 36, imekubali, kuzidisha kumevuka salama. Angalia kujumlisha sasa: 2 + 3 = 5, kwa pili 4 + 9 = 13, lakini 5 ilitakiwa iwe 25. Kujumlisha kumevunjika njiani. Hapo moyo wa nadharia ya Mochizuki umeshauona sura yake. Anatengeneza nakala nyingi za mazingira yaleyale ya namba (hizo ndo anaziita majumba ya maigizo), afu anaziunganisha kwa kiungo kinachovusha kuzidisha na kuacha kujumlisha nyuma, na namba moja fulani inayobeba ukubwa wa tatizo zima inavushwa ikiwa imepandishwa nguvu, 1, 4, 9, 16 na kuendelea. Afu anauliza: hasara ya kujumlisha iliyopatikana njiani ni kubwa kiasi gani? Kama ukiweza kuipima na kuonyesha ni ndogo, basi umepata kizuizi cha jinsi kuzidisha kunavyoweza kutofautiana na kujumlisha, na kizuizi hicho ndo kisio la abc lenyewe. Mfano wa daftari unakatikia hapa: mi nimetumia namba za kawaida, yeye anatumia vitu vinavyotokana na mikunjo ya kielipitiki (mistari iliyopinda inayotokana na milinganyo ya aina fulani), na daftari zangu mbili zipo mezani pamoja nazisoma zote kwa jicho moja, kwake hauruhusiwi kusimama sehemu inayoona zote mbili.

Sasa kama huoni ng'ambo, unajuaje kilichopo kule? Hapo anatumia alichokibobea tangu ujana. Fikiria umepewa orodha ya ukoo mzima bila majina, unachojua ni nani anamwita nani mjomba, nani anamwita nani shangazi, nani na nani wanaitana watani. Ukikaa nayo kwa utulivu unaweza kuujenga upya ukoo wote, huyu ni bibi, hawa ni ndugu wa tumbo moja, huyu kaoa kwa wale. Uhusiano peke yake umekurudishia watu. Kwenye namba pia imethibitishwa, na hili halina ubishi, kwamba kuna mifumo ya namba ambayo ukipewa tu kundi la ulinganifu wake, yaani orodha ya njia zote za kuipangua bila kuharibu kanuni zake, unaweza kuijenga upya yote kujumlisha na kuzidisha kwake. Kwa hiyo kinachovuka kwenda ng'ambo ni huo ulinganifu, na kule wanajenga upya. Mfano wa ukoo unakatikia kwamba ukoo ukishaujenga umeujenga, wakati kwa Mochizuki unajengwa ukiwa na ukungu, kuna mambo yanabaki na utata wa makusudi, na ule utata ndo hasara tunayotakiwa kuipima.

Mpaka hapo hakuna anayegombana na mtu. Ugomvi uko sehemu moja, na unajulikana kwa namba yake kabisa, Korolari 3.12 ya makala ya tatu (korolari ni tokeo linalofuata kutoka kwenye jambo lililokwisha kuthibitishwa).

Machi 2018 Peter Scholze na Jakob Stix walisafiri kutoka Ujerumani mpaka Kyoto wakakaa siku tano na Mochizuki na mwenzake Yuichiro Hoshi. Scholze ndo yule aliyepewa medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka huohuo akiwa na miaka 30, Stix anaijua hiyo fani ya kujenga namba kutoka kwenye ulinganifu, yaani kama kuna watu wangeweza kuelewa ni hao. Walitoka wameandika ripoti ya kurasa kama 10 wakisema kuna tundu, na sio dogo la kuziba kesho. Mochizuki akajibu kwa maandishi marefu zaidi kwamba wamerahisisha mpaka wamefuta kitu chenyewe.

Nani anasema nini? Twende Namanga. Upande huu shilingi, upande ule shilingi. Jina moja, na mtu mgeni akishuka kwenye basi anaweza kudhani ni hela moja, kumbe siku hizi moja ya Kenya ni kama ishirini za kwetu. Hoja ya Mochizuki ni kwamba Scholze na Stix wamefanya kosa la yule mgeni, wameona nakala mbili za mstari wa namba zinafanana kila kitu wakasema hizi ni kitu kimoja, wakazichanganya, na baada ya hapo ni lazima mambo yagongane. Usichanganye shilingi mbili kwa sababu ya jina. Hoja ya Scholze na Stix ni hii: sawa bwana, sio kitu kimoja, basi tupe bei ya kubadilisha. Mwisho wa siku unataka kulinganisha ukubwa wa huku na ukubwa wa kule, huwezi kulinganisha bila bei. Na tukizungusha hela kwenye maduka yako yote, kutoka hili kwenda lile kwenda lile mpaka turudi nyumbani, lazima turudi na kiasi kilekile tulichoondoka nacho. Tumezungusha, tumerudi na hela imezidishwa mara 4, mara 9, mara 16. Ukitaka hesabu zikubaliane itabidi uache nafasi ya makosa kubwa kiasi cha kumeza hizo zote, na ukiiacha hiyo nafasi, kizuizi chako cha mwisho hakisemi chochote tena. Ni sawa na mtu kukwambia nauli haizidi shilingi bilioni moja. Kweli haizidi, lakini amekusaidia nini.

Mfano huu nao unakatikia sehemu, Namanga kuna soko, watu wanauza na kununua na bei inajitokeza yenyewe, huko hakuna soko, bei inatakiwa itoke kwenye nadharia. Ila nadhani mtu akikaa na huu wa shilingi anaweza kusoma ripoti zote mbili akajua angalau wanagombania nini, na hapo amewazidi wengi waliobaki kwenye malimwengu.

Mi naegemea wapi? Nasema wazi, naegemea kwa waliouliza bei. Sina uwezo wa kukagua kurasa 500, sijifanyi ninao, ila najua jambo moja kuhusu uthibitisho ambalo halihitaji medali: uthibitisho ni kitu cha kuhamisha. Kikikaa kichwani kwa mmoja ni imani yake, kikihama kikaingia kwa mwingine ambaye hakutaka kuamini na akashindwa kukikataa, hapo kimekuwa hisabati. Grigori Perelman wa Urusi, aliyethibitisha kisio la Poincaré, ni mtu mkimya kuliko wote, aliweka makala zake intaneti 2002 na 2003 na hakutaka hata medali wala dola milioni moja aliyopewa baadae, lakini 2003 alipanda ndege akaenda Marekani akasimama mbele ya watu akajibu maswali wiki kadhaa. Baada yake vikundi vitatu tofauti viliandika upya kazi yake kwa urefu, kila kimoja kwa maneno yake, na vyote vikafika kulekule. Hiyo ndo namna kitu kinavyohama. Mochizuki hakutaka kusafiri kwenda kufundisha nje ya Japani, kwenye mkutano wa Oxford wa Desemba 2015 alijibu maswali kwa Skype, na waliohudhuria wengi walisimulia kwamba siku za mwanzo walikuwa pamoja na za mwisho walipotea. Akiulizwa alikuwa anasema mtu anahitaji kukaa na nadharia miezi mingi, aachane na mazoea yake ya zamani. Yawezekana. Lakini Scholze hakusema sielewi kwa ujumla, alitaja ukurasa. Mtu akikuonyesha mstari anapokwama jibu lake ni mstari unaofuata, ukimrudisha akasome upya kila kitu tangu mwanzo hujamjibu.

Makala zilikuja kuchapishwa, ilitangazwa Aprili 2020 na zikatoka Machi 2021, kwenye jarida la taasisi yake mwenyewe ambalo wakati huo yeye alikuwa mhariri mkuu, ingawa walieleza kwamba alikaa kando kwenye kuzipitia. Julai 2023 tajiri wa Kijapani Nobuo Kawakami akatangaza dola milioni moja kwa atakayeonyesha kasoro ya msingi. 2024 Kirti Joshi wa Arizona akaja na njia yake akisema anaokoa kazi, Mochizuki akamkatalia kwa maneno makali na Scholze nae hakuridhika. Kwa hiyo Kyoto na marafiki zake wanasema ni thioremu, yaani limeshathibitishwa, wengi waliobaki duniani wanasema bado ni kisio, na jibu la hisabati linategemea uko nchi gani. Hilo linaniuma kweli. Hisabati ndo ilikuwa sehemu moja tuliyoambiwa haina kwetu wala kwenu.

Scholze nae alipitia mtihani wa kwake, na naupenda sana. Yeye na Dustin Clausen walikuwa wanajenga nadharia mpya, na kulikuwa na thioremu moja muhimu ambayo uthibitisho wake ulimpa shida hata yeye mwenyewe kuubeba wote kichwani kwa wakati mmoja. Desemba 2020 akaandika hadharani kwamba nina uhakika ila sio asilimia mia, naomba mnisaidie kuikagua kwa kompyuta, kwa programu inayoitwa Lean, ambayo haikubali neno "ni wazi kwamba", unaieleza kila hatua au inakataa. Kundi likiongozwa na Johan Commelin likaingia kazini. Ndani ya miezi sita sehemu ngumu yenyewe ilikuwa imepita, na Julai 2022 kazi yote ikakamilika. Na kitu kikubwa kilichotokea njiani ni kwamba kwa kulazimika kuieleza mashine isiyojua chochote, Scholze alisema ameuelewa uthibitisho wake mwenyewe kuliko alivyouelewa mwanzo. Medali ya Fields nyumbani, na bado kueleza kumemfundisha.

Nimefundisha twisheni miaka kadhaa na hili naliona kila siku kwa kiwango cha chini kabisa. Tanzania mtoto wa shule ya serikali anasoma hisabati kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, anajua vigawo tasa, anajua kigawo kikubwa cha shirika, anajua namba shufwa na witiri, afu anaingia form one kila kitu kinabadilika jina kwa siku moja na anaamini ameanza somo jipya. Nina wanafunzi wa form two wanaoniambia hawajui kitu fulani, nikiwauliza kwa maneno ya darasa la sita wananijibu kabla sijamaliza swali. Ndo maana sikubali mtu aniambie mambo haya ni ya juu sana kwa lugha yetu. Swali la abc limesimama kwenye maneno mawili, kujumlisha na vigawo tasa, yote tunayo na tuliyapata tukiwa na miaka kumi au kumi na moja. Kilicho juu ni jibu, swali ni letu sote. Na mtu aliyeelewa swali vizuri ana haki ya kusimama pale Kyoto au popote akasema nionyeshe bei.

Mpwa wangu yuko darasa la sita. Juzi nilipokuwa naandika hizi hesabu akaja kukaa pembeni, nikampa karatasi nikamwonyesha 5 + 27, akafanya, afu nikamwachia zile sita. Alikaa nazo kama nusu saa hivi. Akasema anko, hii 9 na hii 81 zinafuatana, 9 mara 9. Nikamwambia endelea. Akaandika 729, akatoa 1, akaanza kuvunja 728, ikampa 2 × 2 × 2 × 7 × 13, akaiongezea 3 ya ile 729, akazidisha akapata 546. "Ndogo! Ndogo kuliko 729!" Akauliza zinaisha wapi, nikamwambia haziishi, na sababu yake aitafute kwenye zile 2 tatu zinazojirudia kila mara. Akauliza, kwa hiyo huyo Mjapani kapata au kakosa. Nikamwambia watu wamegawanyika, wengi wanasema kuna mstari mmoja hajaueleza. Akasema si aueleze tu. Afu akaniuliza inayofuata 729 ni ngapi, nikamwambia 6,561, akageuza karatasi upande wa pili akaanza kugawa 6,560 kwa 2.